Cha Tano Hukatwa

Wewe unayesoma haya ukiwa umevaa ndala na mashine ya kuchomelea iko mkononi, weka hiyo mashine chini kwanza. Nenda utafute viatu. Nitangoja.

Nimechomelea vyuma tangu mtoto wangu wa kwanza akiwa mgongoni mpaka macho yaliponikatalia. Kakuma kwanza, halafu Lodwar. Sikusoma sana. Nilifika darasa la tatu kule Kataboi, mwalimu akahamishwa, na mimi nikahamia kukausha samaki. Kwa hiyo msitafute maneno ya kiinjinia hapa. Nitasema nilivyoona na nilivyofanya, pamoja na siku ambayo kazi ya mikono yangu nusura imlaze mtu na asiamke. Hiyo ndiyo sababu ninaandika. Mengine ni ya njiani.

Kazi yenyewe ilikuwa ya viti. Si viti vya kukalia. Gereji ikiwa na lifti ya kuinua magari, ile ya nguzo mbili, kila nguzo ina mikono miwili, na kila mkono una tundu mwishoni. Kwenye tundu unasimamisha kipande cha chuma, na hicho ndicho kinagusa gari kwa chini. Lifti ikitoka dukani inakuja na vipande vyake vifupi, vya gari ndogo za mjini. Sasa leta Landikruza ya hapa kwetu, yenye ngazi za kukanyagia pembeni na tanki la pili la mafuta, halafu uniambie mkono utafikaje kwenye chesisi. Utagusa ngazi kwanza, utaipinda, na mwenye gari atakutajia mama yako. Unahitaji kipande kirefu, kama shubiri moja. Hicho ndicho sisi tuliita kiti. Viti vinne kwa lifti moja.

Mtu wa kwanza niliyemwona na lifti Lodwar ni Wafula. Alitoka upande wa Bungoma na boksi moja la spana, akasema atakaa miezi sita. Bado yuko. Lifti yake aliinunua Nairobi kutoka kwa gereji iliyofungwa, ikaja juu ya lori bila viti na bila kitabu. Siku za kwanza alitumia magogo ya mkoma. Mkoma ni mti mzuri wa kivuli na kamba, lakini ukiuwekea gari juu unabonyea. Gari moja lilikaa chini polepole, upande mmoja kwanza, halafu mwingine, kama ngamia anayepiga magoti. Fundi wake mkubwa, Ebei, alikuwa ametoka nje kunywa maji. Aliporudi akaliangalia akasema, "Hata gari limechoka na hii joto."

Ebei ndiye aliyemwambia Wafula aniite. Wafula hakutaka. Mimi mjini nilijulikana kwa majiko, vitanda na mageti.

"Mama Akiru," akaniambia, "hii si jiko."

"Najua. Jiko likianguka linamwaga ugali tu."

Akanipa kazi.

Viti vya kwanza nilivitengeneza vibaya, na nilivitengeneza vibaya mbele ya watu, ambayo ndiyo njia nzuri ya kujifunza. Juu niliweka sahani ya chuma iliyo bapa. Tulipojaribu na gari tupu, likiwa limeinuka kiasi cha goti tu, chesisi ikateleza kwenye sahani kama mtoto anayeteremka kutoka kwenye paja. Tukashusha haraka. Ebei akacheka. Wafula hakucheka. Mlinzi wa geti, Mzee Lokol, alikuwa amekaa kwenye ekicholong yake, kile kigoda kidogo cha mti ambacho mzee wa Kiturkana hatembei bila, anakalia mchana na kulalia kichwa akijinyoosha. Nikamwomba anipe nikiangalie. Akanipa, ingawa alinung'unika, maana si kitu cha kushikwashikwa na mwanamke.

Mmewahi kukiangalia kigoda hicho vizuri? Juu hakiko bapa. Kimebonyea katikati na kimeinuka pande mbili. Kichwa cha mtu kinaingia pale na hakitoki mpaka mwenyewe aamue. Watu walikaa nacho miaka na miaka na hakuna fundi aliyefikiri kukipeleka gereji. Nikarudi nyumbani nikakata vipande vya chesisi nzito ya lori bovu, nikavikunja viwe na midomo miwili, nikaweka raba ya gurudumu katikati. Tukavijaribu vichwa hivyo kabla sijavitia viguu, chesisi ikaingia ikatulia.

"Sasa gari litakoroma," akasema Ebei.

Hapo ndipo naanza kukaribia kosa langu. Lakini kabla sijafika lazima niwaambie kuhusu Taban, kwa sababu bila yeye hamtaelewa nilikosea nini.

Taban alinifundisha kazi. Alikuja Kakuma kutoka Sudan Kusini, enzi ikiitwa Sudan tu, akiwa na nyundo mbili na Biblia. Alikuwa na kibanda cha mabati ndani ya kambi, na mimi nilikuwa nampelekea kuni. Siku moja nikamwona anachomelea mguu wa kitanda akiwa amepinda mgongo, nikamwambia kitanda kitayumba. Akainua miwani akaniangalia. Akasema nichomelee mimi basi. Nikachomelea. Kikayumba zaidi. Akasema, "Kwes," maana yake vizuri, "kesho kuja tena." Kiswahili chake kilikuwa hivyo, na nusu yake ilikuwa Kiarabu cha Juba. Hakunifundisha kwa maneno mengi. Akikasirika alisema "malesh", pole, kana kwamba wewe ndiye uliyefiwa.

Jambo moja alilonifundisha ni kwamba vyuma havifanani. Bomba la kawaida na nondo ni vyuma vyenye subira, unaweza kuvichomelea ovyo vikakuvumilia. Lakini shafti ya gurudumu la lori, ile inayobeba nguvu zote za gari, ni chuma kigumu na chenye hasira. Ukikichoma kikiwa baridi, au kikipoa ghafla, kinapasuka pembeni mwa mshono. Na hakipasuki mbele yako. Kinangoja. Kinaweza kupasuka usiku, au baada ya siku mbili, kwa ndani, na kwa nje usione kitu.

Kwa hiyo unakipasha kwanza kwenye makaa. Utajuaje kimeshika moto wa kutosha? Taban alichukua kijiti cha mswaki, ule wa esekon tunaosugulia meno, akakipitisha juu ya chuma. Kikiacha alama ya kahawia, choma. Kisipoacha, ngoja. Ukimaliza kuchoma, usikiweke chini, usikimwagie maji, usikipulizie. Kizike kwenye mchanga mkavu mpaka kesho yake, kipoe taratibu kama uji wa mgonjwa. Taban alikuwa na lundo la mchanga ndani ya kibanda, chini ya mabati, karibu na makaa. Mchanga huo ulikuwa umekaa hapo miaka. Ulikuwa mkavu kama unga. Mimi nilizika vyuma humo mamia ya mara, na wala sikuwahi kufikiria mchanga. Nilifikiria moto tu.

Halafu nikahamia Lodwar, na baada ya muda ikaja kazi ya Wafula.

Viti vya Wafula vilihitaji chuma cha hasira. Kile kiguu kinachoingia kwenye tundu la mkono lazima kiwe kigumu, la sivyo kinapinda. Nikakata shafti ya lori vipande vinne, nikapeleka kukerezwa chini viingie kwenye tundu bila kucheza. Nikavipasha, nikapitisha mswaki, nikachoma kola, ile pete inayozuia kiguu kisizame kwenye tundu, na kile kichwa cha kigoda juu. Nilichoma vizuri. Hilo sitalionea aibu. Mshono ulikuwa umelala sawasawa.

Mchanga sikuwa nao wa kutosha, nikanunua kwa mwenye punda, wale wanaochota mtoni Turkwel na kuwauzia wajenzi. Akamwaga asubuhi, na kufikia mchana juu ulikuwa mweupe na mkavu, unapeperuka. Sisi watu wa huku ni nani asiyejua mchanga wa Turkwel? Mto ukikauka tunachimba mchanga huohuo kupata maji ya kunywa. Nimechimba tangu utoto. Najua kabisa kwamba juu ni jivu na chini ni maji. Lakini akili ya kuchota maji ilikuwa upande mmoja wa kichwa changu, na akili ya vyuma upande mwingine, na hazikuwa zimewahi kusalimiana.

Nikachimba lundo, nikazika viti vitatu juujuu. Cha nne nafasi ilikuwa ndogo, nikakisukuma chini zaidi. Nikasikia sauti. Ndogo sana, kama tone la mafuta kwenye kikaango. Tss. Ikaisha.

Niliisikia. Naandika hapa kwamba niliisikia. Nikasema moyoni, ni mate yangu, ni jasho limeanguka. Wafula alikuwa amenitumia watu mara mbili siku hiyo kuuliza viko wapi viti vyake. Nikafunika, nikaenda kupika.

Kesho yake nikafukua. Vitatu vilitoka safi. Cha nne kilitoka na mchanga umegandamana upande mmoja, kama biskuti. Nikaukwangua kwa brashi. Nikavipaka vyote rangi nyekundu. Vikakauka, nikavipanga mstari mmoja, na tangu hapo hata mimi singeweza kukuambia ni kipi kilikuwa kipi.

Wafula alifurahi. Ebei akakichukua kimoja akakiweka kwenye sakafu, akajifanya anakilalia kichwa, akamwambia Mzee Lokol, "Mzee, hiki chako ni cha mti, changu ni cha chuma. Nani mkubwa?" Wakainua gari siku hiyo. Na la pili kesho yake, na la tatu. Hakuna kilichotikisika. Mimi nikaenda Kakuma kumsalimia Taban na, niseme ukweli, kujisifu. Nikalala huko kwa dada yangu, asubuhi nikaenda kibandani.

Taban alikuwa amezeeka, anakaa zaidi kuliko anavyofanya kazi. Nikamweleza viti vyote, kigoda cha Mzee Lokol, midomo miwili, raba. Akawa anatingisha kichwa, "Kwes, kwes." Akaniuliza nilitumia chuma gani kwa mguu. Nikamwambia. Akauliza kama nilipasha. Nikasema nilipasha, na mswaki nilipitisha. Akanywa chai.

"Ulifunika na nini?"

"Na mchanga."

"Ya wapi?"

"Turkwel."

Akaweka glasi chini. Hakuiweka kwa kishindo. Aliiweka polepole kama mtu anayeogopa kuivunja.

"Ulichukua mto," akasema, "ukafunika chuma na mto?"

Nikamwambia ulikuwa mkavu. Nikasema tena, ulikuwa mkavu, na mdomo ukiwa bado wazi nikaikumbuka ile sauti. Nikamwambia kuhusu sauti.

"Malesh," akasema Taban. Halafu akasema, "Simama. Enda."

Nikampigia Wafula nikiwa bado mlangoni.

"Wafula, kuna gari juu?"

"Mama Akiru, hata salamu ya ejok hakuna? Watu wa Kakuma wamekufundisha kukosa adabu?"

"Kuna gari juu?"

"Liko. Ambulensi ya zahanati moja huko upande wa Lokitaung. Gearbox imekufa. Viti vyako viko sawa mama, hili ni gari la nne."

"Lishushe. Kiti kimoja kina ufa."

"Kipi?"

"Sijui."

"Umeuona huo ufa?"

"Sijauona."

"Mama, nisikize. Mimi niko na gari la wagonjwa hapa na dereva amenikalia kichwani. Wewe uko na ufa hujauona, kwa kiti hukijui. Ukirudi tutaangalia." Akakata. Nikapiga tena, akawa ameizima. Simu ya Ebei nilijua haina faida, huiacha ndani ya boksi la spana.

Hapa niwaeleze kitu ambacho Wafula hakukijua, na wengi wenu hamkijui. Magari matatu kuinuka salama si ushahidi. Gari likikaa juu ya viti bila kuguswa, uzito unashuka wima, na hata chuma chenye ufa kinaweza kubeba uzito wima. Shida ni kuvuta upande. Na hakuna kazi inayovuta gari upande kama kutoa gearbox. Unaisukuma, unaitikisa, unaitukana, gari zima linayumba. Ebei alikuwa anaenda kufanya hivyo siku nzima, akiwa chini ya kazi yangu.

Nikapata lori lililokuwa limeshusha chakula kambini na linarudi tupu. Wakati huo lami ilikuwa bado haijafika, safari ilikula saa nyingi. Sina la kuandika kuhusu safari hiyo. Nilikuwa nahesabu boliti. Gearbox ya gari lile najua inafungwa na boliti ngapi, na nilijua Ebei hufungua kwa mwendo gani, na kila tulipopita kijiji nilijua amefika boliti ya ngapi.

Nilipoingia getini alikuwa amemaliza boliti zote. Ambulensi iko juu, na gearbox imekaa juu ya jeki ndefu ya nguzo, imeachana na injini kiasi cha kidole. Ebei ameikumbatia anaitingisha. Dereva wa ambulensi amekaa kwenye tairi anasinzia. Wafula aliponiona akashika kiuno.

"Ebei, toka hapo," nikasema.

"Mama Akiru! Umetuletea nini cha Kakuma?"

"Toka."

"Nikitoka hii itaangukia nani? Itangoja wewe?"

Ilikuwa kweli. Gearbox ikiwa nusu ndani nusu nje, huwezi kushusha gari tu, litaikalia. Huwezi kuirudisha, utayumbisha gari. Na huwezi kuiacha hivyo. Njia ilikuwa moja: kushusha gari na jeki pamoja, kidogo kidogo, mpaka magurudumu yaguse sakafu. Wafula ashike lifti. Na mtu mmoja awe chini akifungua valvu ya jeki, maana valvu iko kwenye mguu wa jeki, na mwingine aishike gearbox isiegemee upande.

Wafula akasema hashushi. Akasema mbele ya dereva kwamba ananiheshimu kama mama lakini gereji ni yake. Nikamwambia, "Basi njoo usimame hapa badala ya Ebei, umalize wewe." Akaangalia gari. Akaangalia viti. Akaenda kwenye lifti.

Mimi nikaingia chini nikashika gearbox.

"Mama, toka," Ebei akasema kwa sauti ndogo, si ile ya utani. "Nitaishika peke yangu."

"Viti ni vyangu."

Tukashusha. Wafula anashusha kidole kimoja, anasimama. Ebei anashusha jeki kidole kimoja, anasimama. Mimi nasema, "Bado. Sasa. Bado." Nilikuwa naangalia viti vyote vinne kwa zamu, vyekundu, vizuri, kama watoto wanne wa mama mmoja. Sikusikia kitu. Nataka mjue hilo. Hakukuwa na mlio, hakukuwa na mtikisiko. Chuma kilichopasuka hakikuambii. Magurudumu yalipogusa chini Ebei akakaa palepale, akajipangusa uso kwa mkono wenye grisi, akawa mweusi nusu.

Wafula akavitoa viti akavipanga. Nikachukua nyundo nikagonga kimoja kimoja. Vyote vinne viliita vizuri, ting, ting, kama kengele ya kanisa. Dereva wa ambulensi akaamka kabisa. Akauliza nini kimetokea. Akaelezwa.

"Kwa hiyo nimecheleweshwa na mchanga?" akasema.

Watu wakacheka. Wafula akasema, "Mama, umesikia mwenyewe. Vinalia vizima." Nikamwambia alete grenda ya kukatia. Akasema siwezi kukata viti vyake. Nikamwambia bado havijawa vyake, ni vyangu mpaka vithibitike. Nikaanza.

Cha kwanza kilikatika polepole, ndani kunang'aa kama kijiko kipya. Wafula akasema, "Moja." Cha pili diski haikufika katikati. Iliingia kidogo tu pale karibu na kola, halafu kiti kikafunguka chenyewe, kikaanguka vipande viwili sakafuni.

Niliviokota. Nusu ya uso wa ndani ilikuwa nyeusi, ya kale, ufa uliokwisha kuwa mle tangu ule usiku wa mchanga. Nusu nyingine ilikuwa inang'aa. Hiyo nusu inayong'aa peke yake ndiyo ilikuwa imeshika kona moja ya gari, na Ebei chini yake.

Hakuna aliyecheka sasa. Mzee Lokol akaja kutoka getini, akachuchumaa, akachukua kipande kimoja. Nyinyi mnajua mbuzi akichinjwa wazee hutandaza matumbo wakayasoma: mvua iko wapi, maadui wako wapi, ugonjwa unatoka upande gani. Mzee akapitisha kidole kwenye mpaka wa nyeusi na nyeupe, taratibu, kama anavyofanya kwa mbuzi.

"Hapa," akasema, "kuna mtu amelala."

Ebei akaguna. "Na mwanamke anakuja na lori, haonekani hapo, mzee?"

"Huyo haonekani. Matumbo hayasemi kila kitu."

Nikavikata na vile viwili vilivyobaki. Wafula alinishika mkono, akasema ufa tumeshauona, hivyo vingine ni vizima. Nikavikata. Vilikuwa vizima. Wafula mpaka leo anasema niliharibu viti viwili bure. Na mimi mpaka leo namwambia kwamba jana yake hata kile kibovu kilikuwa kizima.

Nilipoanza upya sikununua mchanga. Nilichota ule uliokuwepo, nikaukaanga juu ya karai la chuma mpaka ukaacha kutoa mvuke, nikachanganya na jivu. Kuna njia rahisi ya kuupima: utandaze juani, uufunike kwa karatasi ya nailoni. Nailoni ikitoa jasho kwa ndani, bado. Hata kama mkono wako unakuambia ni mkavu, bado.

Nikiwa napasha, Ebei akaja nyumbani. Alikuwa hajawahi kuja. Akasimama mbali na makaa.

"Mama, tengeneza vitano."

"Lifti ina mikono minne."

"Najua kuhesabu. Tengeneza vitano, halafu tukate kimoja. Na nitachagua mimi. Si wewe, si Wafula. Mimi ndiye nalala chini."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Msifikiri ni mimi niliyebuni. Tangu siku hiyo kila lifti niliyoitengenezea viti, Lodwar, Kakuma, na ile moja ya kule Kataboi kwa watu wa maboti, nilitengeneza vitano. Fundi anayelala chini ya gari ndiye anayechagua cha kukatwa, hata kama mwenye gereji amenuna. Tunakikata mbele yake, ananipa vipande, tunaangalia pamoja. Mzee Lokol alipokuwa hai alikuwa anaitwa aje asome. Akawa anasoma mvua kwenye shafti za lori, na mara moja aliipata.

Kuna kijana msichana, amesomea kuchomelea chuoni, anachoma mshono mzuri kuliko wangu wa ujanani. Mwezi uliopita aliniletea viti vinne nivishike, maana kuona sioni vizuri tena. Nikavipapasa. Vilikuwa vizuri. Nikamuuliza cha tano kiko wapi.

"Nyanya, siku hizi tunapima na chaki za kupimia joto, si mswaki. Tunajua digrii. Na nina cheti."

"Hicho cheti kitalala chini ya gari?"

Akacheka. Halafu akasema jambo la maana, na nitaliandika kwa sababu alikuwa sahihi: kukata kimoja hakukuonyeshi vile vinne vingine. Kweli. Hakuonyeshi. Lakini wewe uliyevichoma, ukijua kimoja kitafunguliwa mbele ya watu na hujui ni kipi, utasikia ile sauti ndogo kwenye mchanga na hutaenda kupika. Utakifukua hapohapo. Kukata si kwa ajili ya chuma.

Alienda akatengeneza cha tano. Mimi sikumlazimisha, nilikaa tu na vile vinne kwenye mapaja nikakataa kumrudishia.

Miaka yote hii cha tano hakijawahi kuonyesha ufa tena. Hata kimoja. Vipande vyake vimejaa uwanjani kwangu, kuku wanalalia. Watu hunishangaa, wanauliza kwa nini niliendelea kuharibu chuma kizima maisha yangu yote.

Kamuulizeni Ebei. Ana gereji yake sasa, mkitoka Lodwar kuelekea Kakuma, upande wa kulia, yule mzee mwenye kofia ya sufu kwenye joto lote hili. Atawachosha kwa maneno. Lakini yupo, na mkimuuliza atajibu.